Mama Asemaye Lugha ya Nyumbani



Wengine huuliza: Bikira Maria akitokea, husema lugha gani? Bernadette wa Lourdes, katika Ufaransa, mwaka 1858, alishuhudia kwamba alisemeshwa kwa lugha ya kwao, wala si kwa Kifaransa cha shule. Na huku kwetu Afrika, Kibeho katika Rwanda, ilisikika lugha ya Kinyarwanda.

Tarehe 28 Novemba 1981, Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa miaka 16, alikuwa akiwahudumia wenzake chakula shuleni, akasikia anaitwa. Akauliza, "U nani wewe, Bibi?" Akajibiwa, "Ndi Nyina wa Jambo," yaani, "Mimi ni Mama wa Neno." Tazameni udugu wa lugha zetu: nyina ndiye nina wa Waswahili wa kale, na jambo kwao ni neno. Alphonsine alieleza kwamba Bibi yule hakuwa mweupe kama katika picha, wala rangi yake hakuweza kuitambua. Uzuri wake tu haukuwa na mfano.

Wenzake walimcheka. Eklezia nayo haikufanya haraka: ilichunguza karibu miaka 20, hata tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro akaukubali ushuhuda wa wasichana watatu tu, kati ya wengi waliodai kuona. Basi, tukisikia huku bondeni Kilombero kwamba fulani ameona maono, tusimkimbilie kama mganga, wala tusimdhihaki. Tumwarifu padre, tungoje.

Lakini neno kubwa ni hili. Agosti 1982 wasichana wale walilia, wakisema wameona mto wa damu na watu wakiuana. Mama alihimiza toba. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisa la Kibeho waliuawa humo, na miongoni mwa wauaji wa nchi ile walikuwamo wengi waliobatizwa. Onyo lilitolewa kwa lugha yao wenyewe, hawakulishika.

Hapa Kidatu, penye miwa na reli, wamekutana Wapogoro, Wandamba, Wahehe, Wasukuma na wengine wengi. Na bondeni mkulima na mfugaji hugombea ardhi. Ninyi wazazi na walimu, mkimaliza Rozari ya jioni, sikilizeni watoto wanavyolitaja kabila la jirani. Wamejifunza kwetu. Hapo ndipo tutakapojua kama tumemsikia Mama wa Neno, au tumelipenda jina lake tu.