Bendera Si Rangi za Tovuti

Tazameni tovuti nyingi za jumuiya zetu huku ughaibuni, za Watanzania na za Wakenya. Utakuta bendera imemwagwa ukurasa mzima: kichwa cha kijani, pembeni nyeusi, maandishi ya buluu juu ya nyeusi, na tangazo la msiba kwa herufi za njano juu ya nyeupe. Ukihoji, kamati hukujibu kwamba hizo ndizo rangi zetu, ni uzalendo. Sisi tunasema huo ni uvivu uliovishwa bendera.

Bendera hushonwa ionekane kwa mbali ikipepea mlingotini. Haikukusudiwa kusomwa. Hata hivyo waliozichora walikuwa waangalifu kuliko kamati zetu. Ile ya Tanzania ya 1964 ina michirizi ya njano inayotenga nyeusi na kijani na buluu. Ile ya Kenya ya 1963 ina michirizi myeupe kati ya nyeusi, nyekundu na kijani. Hivyo sehemu kuu zenye giza hazigusani. Sisi tumechukua rangi, mpango wake tumeuacha.

Wanaodai kuwa haya ni mambo ya ladha tu, tunawapa hesabu. Kanuni za W3C za Desemba 2008, katika daraja la AA, zinataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake usipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hutoa 21 kwa 1. Buluu kali juu ya nyeusi ni kama 2.4 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1.

Anayeumia ni nani? Ni wazee wetu. Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri umri unavyosonga, na hupitisha mwanga mchache. Mzee wa miaka 70 asiposoma tangazo la mchango wa kusafirisha maiti, atalaumiwa kwamba hakushiriki, kumbe hakuona.

Wapo watakaosema Waswahili tunapenda rangi. Naam, tunazipenda, na tunajua kuzipanga! Itazameni kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Kanga ina pindo, ina mji, na jina lina mahali pake linaposomeka. Bibi zetu walichagua doti dukani kwa jicho kali kuliko la mafundi wetu wa tovuti.

Basi tufanye hivi. Rangi ya nyuma iwe moja, tulivu. Maandishi yawe ya giza. Rangi moja ya bendera itawale kichwa cha ukurasa, na nyingine iachiwe vitufe peke yake. Rangi zinazokabiliana kwenye duara la rangi, kama nyekundu na kijani, zisipewe nguvu sawa. Moja iwe bwana, nyingine mgeni. Kisha ukurasa uchapwe kwa wino mweusi mtupu: kisichosomeka hapo kirekebishwe.

Kazi hii ni ya jioni moja na haihitaji harambee. Kwenye mkutano mkuu ujao, kabla kamati haijapigiwa makofi, aitwe mzee mmoja asome tovuti mbele ya wanachama, bila kusaidiwa.