Ndiva za Same zizolewe tope

Mkulima wa Bangalala, wilayani Same, hahitaji semina kuambiwa kwamba mvua za vuli si za kutegemewa. Ameyaona mahindi yakiota vizuri, kisha yakinyauka yakianza kutoa mbelewele. Ndiyo maana wapo wanaoyachanganya na fiwi, zao linalovumilia ukame.

Lakini mbegu pekee haitoshi. Wapare walilijua hilo kabla ya ukoloni, wakachimba ndiva: malambo yanayokinga maji ya vijito usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa kwenye mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Mvua ikikatika wiki mbili, zamu moja tu yaweza kuokoa shamba. Ndiva isiyozolewa tope, hata hivyo, hubaki jina. Na maji yakiishia Vudee na Bangalala, wa Makanya, kule tambarare, husubiri mafuriko ya korongo.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 inataka vibali na jumuiya za watumia maji. Sawa, ila kibali kisivunje zamu ya wazee. Halmashauri ichangie kuzoa tope kabla ya vuli, na wa Makanya waitwe zamu zinapopangwa.