Djibouti na Kodi ya Mafahali

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Djibouti, nchi ya watu wapatao milioni moja, iliamua kuwatoza mafahali kodi ya malisho. Marekani iko katika kambi ya Lemonnier, na kwa mkataba wa 2014 ilikubali kulipa takriban dola milioni 63 kwa mwaka. China ilifungua kambi yake Doraleh mwaka 2017, ya kwanza nje ya ardhi yake, kilomita chache tu kutoka kwa Wamarekani. Wafaransa, Wajapani na Waitaliano nao wamo.

Kibiashara, ujanja huo nausifu. Nchi isiyo na mafuta wala mto wa kudumu imeuza ilichojaliwa: kukaa kando ya mlango-bahari wa Bab el-Mandeb, njia ya meli ziendazo Suez. Ila kulipwa kodi si kulindwa. Mwaka 2018 Marekani ililalamika kwamba marubani wake wawili walijeruhiwa macho kwa miale ya leza kutoka kambi ya Wachina, China ikakanusha.

Mtihani wenyewe ulikuja Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli karibu na hapo. Majeshi yote hayo yalikuwa pale pale, na bado kampuni kubwa za meli zilikimbilia Rasi ya Tumaini Jema. Marekani iliunda muungano wa kulinda meli, China haikujiunga. Shehena za Ulaya kuja Mombasa, ambazo njia yake fupi ni Suez, zikachelewa na kugharimu zaidi. Kambi zile, kwa maoni yangu, zipo kulinda masilahi ya wenyewe na kumchungulia mpinzani. Vita vya Sudan, vilivyoanza Aprili 2023, kambi hizo hazikuvizuia.

Hata hivyo, tusiwalaumu wageni peke yao. Januari 2024 Ethiopia ilitia saini na Somaliland hati ya makubaliano ya kupata pwani. Somalia, inayoihesabu Somaliland kuwa sehemu yake, ilikasirika, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imefunga mikataba ya ulinzi na Uturuki na Misri. Misri hiyo hiyo inayogombana na Ethiopia juu ya bwawa la mto Nile! Ugomvi wa majirani ndio uliowafungulia wageni mlango.

Makao makuu ya IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hii, yako Djibouti kwenyewe, jirani na kambi zote hizo. Viongozi wake waanze na sharti moja: mkataba wowote wa kambi au ulinzi na dola la nje uwekwe mezani kwa majirani kabla haujatiwa saini.