Kukanusha si Kukadhibisha

Wengi wetu tuandikao Kiswahili huyatumia maneno kanusha na kadhibisha kana kwamba ni pacha. Mimi nayaona kuwa ni jamaa wa mbali, na kuyachanganya kuna gharama.

Tuanze na sarufi. Kikanushi ni kiambishi kidogo tu, ha- au si-. Yeyote aweza kukipachika: "nimelima" ikawa "sijalima", na shamba likabaki lilivyo. Kukanusha ni kazi ya ulimi. Kadhibisha, kwa upande wake, limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya uongo, ule ule uliotupa kadhabu. Najua kwamba katika tafsiri za Kurani wenye kukadhibisha ni wale wanaoiita kweli uongo. Hata hapo neno limebeba tuhuma nzito, na mwenye kutuhumu hudaiwa ushahidi.

Twende Mikumi, mji wa Wilaya ya Kilosa ulio kando ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mtu akidai tembo wote wamehama, nami nikajibu "Hawajahama", nimekanusha. Nikimwonyesha kinyesi kibichi kwenye barabara kuu inayoipasua hifadhi hiyo, nimekadhibisha.

Jambo hili si mchezo wa wapenda lugha. Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji, na ugomvi wa ardhi umewahi kumwaga damu huko. Yaliyotokea Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, hayajasahaulika. Tuchukue shauri mbele ya baraza la ardhi la kijiji. Mkulima adai kuwa ng'ombe wa jirani wamemaliza mahindi yake. Mfugaji akisema tu "Si wangu", na karani akaandika "amekadhibisha", mkulima ameshaitwa mwongo kabla ya shahidi kufungua kinywa. Mfugaji naye akithibitisha kwa mashahidi kwamba mifugo yake siku hiyo ilikuwa mnadani, kisha ikaandikwa "amekanusha", amedhulumiwa: ushahidi wake umeshushwa ukawa kauli tupu.

Washairi wa malumbano nao wapime beti zao kwa mizani hiyo. Mwenye kumjibu mwenzake kwa "si kweli" katika beti kumi, hata vina vikikaa na mizani ikitimia, amekanusha mara kumi. Ubeti mmoja wenye hoja ndio ukadhibishao.