Zawadi ya Kampuni na Ulimi wa Mpokeaji

  

Februari 2012, wanachama wa Sierra Club, jumuiya kongwe ya kuhifadhi mazingira ya Marekani iliyoasisiwa mwaka 1892, walipata habari iliyowashtua. Kati ya mwaka 2007 na 2010 jumuiya yao ilipokea zaidi ya dola milioni 26, nyingi zikitoka kwa Aubrey McClendon, mkuu wa kampuni ya gesi ya Chesapeake Energy. Wanachama wanaolipa ada zao hawakuwa wameambiwa.

Mchimba gesi ana haja gani na watetezi wa misitu na mito? Jibu limo katika matumizi ya fedha zile. Zilielekezwa kwenye kampeni ya kupinga mitambo ya umeme ya makaa ya mawe, na makaa ndiyo mshindani wa gesi sokoni. Kila mtambo uliozuiwa ulipunguza moshi, na papo hapo ukaifungulia gesi soko.

Wako watakaosema kuwa moshi wa makaa huua, na fedha ilifanya kazi njema. Hoja hiyo ina uzito. Lakini katika majimbo kama Pennsylvania na New York, wanachama walikuwa wakipinga uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba, wakihofia maji yao. Hao walikuwa na haki ya kujiuliza: je, viongozi wetu wangethubutu kumkemea anayewalisha?

Mtume (S.A.W.) alikuwa akipokea zawadi. Hata hivyo, Ibn al-Lutbiyya aliporejea kutoka kukusanya zaka, akatenga sehemu na kudai amezawadiwa yeye, Mtume alipanda mimbari akahoji iwapo zawadi hiyo ingemfikia lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Tukilipima jambo letu kwa swali hilo, tunaona kuwa kilichozawadiwa ni cheo na sauti, wala si mtu.

Mkurugenzi mpya, Michael Brune, alivunja uhusiano huo mwaka 2010 na kuziacha dola milioni 30 nyingine zilizotarajiwa. Ni hasara kubwa kwa hesabu ya fedha, lakini jumuiya ilipata tena uhuru wa kusema.

Ndugu zetu katika imani, nasi tunazo kamati za misikiti, madrasa na vikundi vya kupanda miti. Tajiri anapobisha hodi, hatusemi afukuzwe. Tuulize mambo mawili: je, tunaweza kuitangaza zawadi hii mbele ya jamaa wote? Na kesho akikosea, tutaweza kumwambia amekosea? Ikiwa jibu ni hapana, basi hiyo si zawadi, bali ni bei, na kilichouzwa ni amana ya watu.