Dawa ya chunusi si mafuta ya kujirembesha

Vijana wetu wa Machakos, kama wenzao wa miji mingine ya Kenya, wamezoea kununua dawa za ngozi jinsi wanunuavyo sabuni. Jirani amepaka akatakata, basi nao huitaka tyubu ile ile. Miongoni mwa dawa hizo ni tretinoini, ya jamii ya retinoidi, zitokanazo na vitamini A. Mazoea haya hayana budi kukomeshwa. Si kwa sababu dawa hiyo ni mbaya, bali kwa sababu ni dawa.

Tretinoini si ulaghai. Imetibu chunusi tangu miaka ya 1970, kwa kuzibua vinyweleo na kuihimiza ngozi ijifanye upya. Lakini hutaka subira. Majuma ya kwanza uso huwasha na kubambuka, na chunusi zaweza hata kuzidi. Nafuu huonekana baada ya majuma 8 hadi 12. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Asiyeelezwa haya ama huitupa kabla haijamfaa, ama huizidisha ili iharakishe. Mwenye kuizidisha huichoma ngozi yake, nayo ngozi nyeusi ikiungua huacha madoa yanayodumu kuliko chunusi zenyewe. Jua la Ukambani nalo halina huruma. Mja mzito hashauriwi kuitumia kamwe.

Hatari kubwa zaidi imo katika michanganyiko. Mwaka 1975, nchini Marekani, Albert Kligman na mwenzake walieleza mchanganyiko wa tretinoini, haidrokwinoni na steroidi wa kufifisha mabaka. Michanganyiko ya namna hiyo, inayotaka jicho la daktari, leo hupakwa kwa miezi na miaka na watafutao weupe, hali steroidi huikondesha ngozi.

Hata hivyo, kuwalaumu vijana hakutoshi. Madaktari wa ngozi ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mwenye chunusi aende wapi? Tangu 1992 kuna kituo mjini Moshi, Tanzania, kinachowafunza maafisa wa tiba maradhi ya ngozi. Serikali za kaunti, zilizokabidhiwa hospitali mwaka 2013, na ziwasomeshe maafisa wao ujuzi huo. Wenye maduka ya dawa nao wadai cheti cha daktari kabla ya kupokea pesa.

Mwenda pole hajikwai. Uso ni mmoja; ukiharibika hauuzwi mwingine dukani.