TUJIFUNZE KIINGEREZA: Mgeni na Redio

Somo la mwezi huu ni la redio na muziki. Soma polepole, kisha rudia kwa sauti.

Tuseme mgeni amefika kwako. Amenyeshewa na mvua yetu ya Tukuyu, sasa anaota moto. Kiswahili hajui. Kinyakyusa anajua "ugonile" tu. Redio inapiga wimbo wa Mbaraka Mwinshehe.

Mgeni: "I like this song." Maana yake: Naupenda wimbo huu.

Mgeni: "Who is singing?" Maana yake: Nani anaimba?

Wewe: "Mbaraka Mwinshehe."

Mgeni: "Please turn it up."

Hapo wengi hukwama. Unadhani kelele zimemchosha, unaruka kuzima redio. Kumbe umemnyima wimbo anaoupenda!

"Turn" peke yake ni geuza. Waingereza huliwekea neno dogo nyuma, na maana hubadilika. "Turn on" ni washa. "Turn off" ni zima. "Turn up" ni ongeza sauti. "Turn down" ni punguza sauti. Basi mgeni alitaka uongeze.

Usiwacheke Waingereza. Sisi nasi tunapiga hodi, tunapiga pasi, tunapiga picha, na hakuna anayeumia.

Mimi mwandishi nilipoanza kujifunza niliambiwa, "Turn it down." Nilijua "down" ni chini. Nikaishusha redio kutoka mezani, nikaiweka sakafuni. Sauti ikabaki ile ile. Watu walicheka hadi machozi.

Na huyo Mbaraka alifariki Januari 1979, lakini nyimbo zake zinapendwa mpaka leo. Bendi aliyoianzisha mwaka 1973 iliitwa Super Volcano. Jina hilo lingetufaa sisi, maana Mlima Rungwe wenyewe ni volkano.

Turudi kwenye somo. "Turn down" ina maana ya pili: kukataa. Umemwandalia mgeni ndizi na maharage, naye ameshiba. Atasema: "I am sorry to turn down your food." Usiikimbilie redio! Anaomba radhi kwa kuwa hawezi kula.

Maana hii ya pili ina uzito. Kijana wako ameomba kazi, barua ya Kiingereza imekuja. Ikiwa ndani yake mna maneno "turned down", ombi limekataliwa. Asikae nyumbani miezi mitatu akingoja kuitwa. Aombe mahali pengine, na msimu wa kupanda usimpite.

ZOEZI. Jirani amefungulia muziki kwa sauti kubwa usiku. Mama yako ni mgonjwa, hapati usingizi. Mwenye redio ni mgeni wa jirani, anajua Kiingereza tu. Hutaki azime, unataka apunguze. Utamwambiaje? Andika jibu kwenye daftari lako, umwoneshe mwenzako wa kisomo.